Mitaro Kabla ya Ngoma

Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani hutumia likizo ndefu ya Juni hadi Agosti kuwapeleka wanafunzi wao ng'ambo kwa wiki chache, wakajifunze kwa pamoja utamaduni wa watu wenye asili ya Afrika na afya ya jamii. Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia nchini Brazili, ni kituo kinachopendwa sana kwa kozi za aina hiyo, na sababu zinaonekana wazi. Kati ya Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa minyororo na kufika wakiwa hai, takriban milioni 4.8 walishushwa Brazili, na kama milioni moja na nusu kati yao walishukia Bahia. Waliopelekwa moja kwa moja Marekani hawakufika laki nne. Leo, katika kila wakazi kumi wa Salvador, zaidi ya wanane hujitaja katika sensa kuwa weusi au wa mchanganyiko. Mwanafunzi akifika hapo anakutana na ngoma za vikundi vya Ilê Aiyê na Olodum, na mchezo wa capoeira, na vitafunwa vya acarajé vinavyokaangwa kwa mawese kando ya barabara, na nyumba za ibada za candomblé ambako miungu ya Wayoruba, Wafon na Wabantu bado inaitwa kwa majina yake. Ratiba ya kozi karibu inajipanga yenyewe: asubuhi zahanati, jioni ngoma. Nadhani ratiba hiyo, pamoja na utamu wake, humpotosha mwanafunzi. Huuweka utamaduni upande huu na afya upande ule, kisha humwachia aunganishe mwenyewe kwa kukisia, na kisio lililo jepesi kuliko yote ni la damu: kwamba watu hawa huugua wanavyougua kwa kuwa ni Waafrika. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya afya ya Bahia imeamuliwa na maji, nyumba, fedha na heshima ambayo mtu hupewa au hunyimwa anapofika hospitalini, na kwamba urithi wa Kiafrika ulio hai zaidi katika habari hii ni vyombo ambavyo watu waliviunda ili wabaki hai. Kozi inayotaka kulifundisha hilo ianze kwenye mitaro ya majitaka, ndipo ifike kwenye ngoma.

Kisio la damu lina historia ndefu Salvador, na mwanafunzi anaweza kuifikia kwa miguu. Katika uwanja wa Terreiro de Jesus, katikati ya mji mkongwe, linasimama jengo la shule ya kwanza ya udaktari nchini Brazili, iliyoanzishwa mwaka 1808. Hapo ndipo alipofundisha Nina Rodrigues, daktari aliyekusanya habari nyingi za thamani kuhusu Waafrika wa Bahia, huku akiamini kwamba mtu mweusi ni duni kimaumbile. Mwaka 1894 alichapisha kitabu kilichodai kwamba watu wa rangi mbalimbali hawafai kuhukumiwa kwa sheria moja ya jinai. Lakini shule hiyohiyo ilikuwa imekwisha kumtoa Juliano Moreira, kijana mweusi, mtoto wa mtumishi wa nyumbani, aliyehitimu udaktari mwaka 1891 na baadaye akaongoza hospitali kuu ya wagonjwa wa akili mjini Rio de Janeiro kwa zaidi ya robo karne. Wenzake waliposema kwamba mchanganyiko wa damu ndio unaozaa wazimu, Moreira alielekeza kidole kwenye kaswende, pombe, minyoo, uchafu wa makazi na ukosefu wa elimu. Huko Atlanta, mwaka 1906, msomi W. E. B. Du Bois alihariri utafiti juu ya afya ya Wamarekani weusi uliofikia hukumu ya aina hiyo: vifo vingi vilifuata hali ya maisha. Watu wawili weusi, kila mmoja pande zake, walitazama takwimu zilezile ambazo wenzao walizisoma kama maandishi ya maumbile, wakaona ndani yake nyumba mbovu na mishahara midogo. Mwanafunzi wa kozi fupi akiondoka na historia hii moja tu, atakuwa amepata kinga dhidi ya mengi atakayoyasikia baadaye.

Ugonjwa wa kichocho unaonyesha jambo hili kwa namna ambayo msomaji wa Mwanza au Kisumu ataielewa upesi. Mwaka 1908 daktari Pirajá da Silva alieleza kwa makini, kutokana na wagonjwa wa Salvador, mnyoo wa kichocho cha matumbo, uleule unaosumbua wavuvi na watoto wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Vijidudu hivyo vilifika Amerika ndani ya miili ya watumwa. Pamoja navyo vilifika vile vya kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana Unguja na Pemba, lakini hivi havikushika mizizi, kwa kuwa havikupata konokono wa kuvibeba katika maji ya Brazili. Kichocho cha matumbo kilimpata konokono wake, kikapata pia vijiji visivyo na vyoo, kikabaki hadi leo. Asili ya mdudu ni Afrika, hakuna ubishi, ila kilichoamua abaki au atoweke ni maji. Hali ni hiyohiyo kwa shinikizo la damu, ambalo mara nyingi hutajwa kama ugonjwa wa watu weusi. Kuna nadharia iliyopata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya tisini kwamba safari za meli za watumwa ziliwaua wasioweza kuhifadhi chumvi mwilini, wakabaki wenye uwezo huo, na wajukuu wao ndio wanaougua leo. Mwanahistoria Philip Curtin aliipinga kwa kumbukumbu za biashara yenyewe ya watumwa, na Richard Cooper na wenzake wakaipa pigo lingine mwaka 1997 walipopima watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika nchi mbalimbali kwa utaratibu mmoja. Waliokuwa na shinikizo la damu walikuwa asilimia 16 huko Afrika Magharibi, 26 visiwani Karibea na 33 Marekani. Kadiri watu wa asili moja walivyohamia maisha ya chakula cha kiwandani, unene na msongo, ndivyo ugonjwa ulivyopanda. Asili yao ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni nchi walizoishi.

Hapo ndipo mpinzani makini atasema: na ugonjwa wa selimundu (siko seli) je? Swali ni zuri, na linastahili jibu refu. Selimundu hurithiwa, hakuna njia ya kulikwepa hilo. Bahia ndilo jimbo la Brazili lenye mzigo mkubwa kuliko yote: inakadiriwa kwamba mtoto mmoja katika kila 650 wanaozaliwa huzaliwa nao, na mmoja katika kila 17 hubeba kinasaba chake bila kuugua. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto 11,000 hivi wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, jambo linaloiweka miongoni mwa nchi zenye mzigo mzito duniani. Hata maarifa kuhusu ugonjwa huu yamejengwa na watu wa pande hizi zote: mwaka 1910 ulielezwa mara ya kwanza katika jarida la udaktari mjini Chicago kutokana na mgonjwa aliyekuwa mwanafunzi kutoka Grenada, mwaka 1947 daktari wa Bahia, Jessé Accioly, alieleza namna unavyorithiwa, miaka miwili kabla ya watafiti wa lugha ya Kiingereza waliopewa sifa hiyo, na mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Jambo hili la mwisho ndilo linaloanza kulivunja kisio la damu kwa ndani. Kinasaba hiki hufuata malaria. Kimo Ugiriki, India, Saudi Arabia na Omani, na ni haba kwa Waafrika wa nyanda za juu baridi ambako mbu hawakustawi. Anayekiita alama ya rangi amechanganya ramani mbili.

Kubwa zaidi ni kwamba kurithi ugonjwa ni jambo moja na kufa nao ni jambo lingine. Huko Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1973 watafiti walipima watoto 100,000 waliozaliwa mfululizo hospitalini, wakawafuatilia wale wenye selimundu. Waliona kwamba wengi wa waliofariki walikuwa wadogo sana, na walifariki, kwa maambukizi ya bakteria au kwa bandama kuvimba ghafla na kujaa damu. Basi wakawafundisha akina mama kulipapasa tumbo la mtoto ili kuhisi bandama ikikua, na kukimbilia hospitali mapema. Vifo vya bandama vilishuka kwa kiasi kikubwa, na dawa iliyofanya kazi hiyo ilikuwa mkono wa mama uliofundishwa. Penisilini ya kila siku utotoni ikapunguza vifo vya maambukizi. Kinasaba hakikubadilika hata kidogo. Brazili iliingiza selimundu katika upimaji wa kitaifa wa watoto wachanga mwaka 2001, kwa tone la damu linalochukuliwa kisiginoni, na watoto wa Bahia waliozaliwa baada ya hapo wanaweza kutambuliwa kabla ya homa ya kwanza. Ni nani aliyeufanya upimaji huo uwepo? Si madaktari peke yao. Mwezi Novemba 1995 vyama vya watu weusi viliandamana hadi Brasília kuadhimisha miaka 300 tangu kuuawa kwa Zumbi, kiongozi wa watumwa waliotoroka wa Palmares, na selimundu ilikuwa miongoni mwa madai yaliyowasilishwa serikalini. Ugonjwa uliojulikana kisayansi tangu 1910 ulihitaji miaka zaidi ya themanini na maandamano ndipo upate kipimo cha taifa. Kwa hiyo hata pale damu inaposema kweli, siasa ndiyo inayoamua mtoto ataishi miaka mingapi.

Turudi kwenye mitaro, maana kalenda yenyewe inaitaka. Juni na Julai, wakati wageni wa kaskazini wako likizo ya joto, Salvador imo katika msimu wa mvua. Miinuko ya mji inamomonyoka, mabonde yanajaa, na maji yenye mkojo wa panya yanaingia majumbani. Huo ndio msimu wa leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Mwaka 1996 mlipuko wake mjini Salvador ulileta wagonjwa mahututi 326 katika kipindi cha miezi isiyofika minane, na asilimia 15 kati yao walifariki. Watafiti waliokwenda mtaa wa Pau da Lima baadaye na kupima damu za wakazi zaidi ya elfu tatu waligundua kwamba dalili za kuambukizwa ziliongezeka kwa anayeishi bondeni kunakofurika, karibu na mtaro ulio wazi, penye taka na penye panya. Kila dola moja ya ziada katika kipato cha siku ilipunguza hatari. Mwanafunzi anaweza kusimama mtaani hapo akiwa na ramani mkononi na kuona kwa macho yake kwamba hatua ishirini kutoka mtaroni zina maana kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Na mji huohuo una ushahidi wa upande wa pili, yaani kinachotokea mtaro unapofunikwa. Katikati ya miaka ya tisini Bahia ilianza mradi mkubwa wa majitaka ulioitwa Bahia Azul. Kabla yake, nyumba 26 katika kila mia ndizo zilizounganishwa na mabomba ya majitaka. Baada ya miaka michache zilifika 80. Taasisi ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Bahia ilikuwa na busara ya kufuatilia watoto wadogo kabla na baada, na mwaka 2007 matokeo yalichapishwa: kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban moja ya tano katika mji mzima, na kwa asilimia 43 katika maeneo yaliyokuwa na hali mbaya zaidi. Watoto wa kabla na wa baada walikuwa wa mji uleule na rangi ileile, wakila vyakula vilevile na kucheza ngoma zilezile. Kama ningepewa siku moja tu ya kozi nzima, ningeitumia kwa utafiti huu na kwa matembezi kutoka mtaa uliounganishwa hadi mtaa uliosahauliwa.

Ila haki inanidai nitaje jambo linaloonekana kuisumbua hoja yangu. Katika utafiti wa Pau da Lima, hata baada ya kuzingatia kipato na umbali wa mtaro, watu weusi walikuwa bado na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameambukizwa, kwa kiasi cha robo hivi. Je, hapo damu hairudi kwa mlango wa nyuma? Sioni hivyo. Bakteria wa panya hana haja na rangi. Kinachobaki baada ya kuondoa kipato ni mengi ambayo dodoso halikuyapima: aina ya kazi, nani hutumwa kuzibua mtaro, nyumba ilijengwa lini na kwa nini. Ubaguzi unaweza kuumiza hata pale fedha zinapolingana. Uchunguzi mkubwa wa uzazi nchini Brazili wa miaka ya 2011 na 2012 ulionyesha kwamba wanawake weusi walikuwa na uwezekano mdogo kuliko weupe wa kupewa ganzi walipoongezwa njia kwa kukatwa wakati wa kujifungua. Hakuna utofauti wa maumbile unaoeleza kunyimwa ganzi. Mwaka 2002 Alyne da Silva Pimentel, mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 28 na ujauzito wa miezi sita, alifariki katika jimbo la Rio de Janeiro baada ya huduma iliyochelewa kila hatua. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake iliiona Brazili kuwa na hatia, ikiwa mara ya kwanza kwa chombo cha kimataifa cha haki za binadamu kuamua shauri la kifo cha uzazi. Rangi ina athari kubwa kwa afya, nakubali kabisa. Ina athari kupitia mikono ya watu wanaoitazama.

Baada ya yote haya ngoma inaweza kuanza, na sasa mwanafunzi ataisikia kwa sikio lingine. Mwanzoni mwa miaka ya arobaini wasomi wawili wa Kimarekani walifika Salvador karibu wakati mmoja, wakachunguza familia za watu weusi, baadhi yao wa mazingira yaleyale ya candomblé, na wakatofautiana hadharani. Melville Herskovits aliona desturi za Afrika zilizohifadhiwa. Franklin Frazier, mweusi mwenyewe, aliona familia zilizoundwa na umaskini na mazingira ya Brazili. Mjadala wao hufundishwa hadi leo kama uchaguzi kati ya mambo mawili, na nadhani hiyo ni hasara, kwa kuwa kilichokuwa mbele ya macho yao wote wawili kilikuwa vyombo: watu wenye kumbukumbu za Afrika, waliobanwa na Brazili, waliounda kitu cha tatu kinachofanya kazi. Undugu wa Kikatoliki wa Rozari ya Watu Weusi, ambao kanisa lake la buluu linasimama katika mtaa wa Pelourinho, ulianza karne ya 17 na uliwahudumia wagonjwa na kuwazika wanachama wake kwa heshima. Mwaka 1832 Waafrika huru, wakiongozwa na Manoel Victor Serra, waliunda chama ambacho baadaye kiliitwa Sociedade Protetora dos Desvalidos: wanachama walichanga, wakasaidiana katika ugonjwa, ulemavu, uzee na mazishi, na kununua uhuru wa waliokuwa bado utumwani. Kipo hadi leo. Yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwake Dar es Salaam au Tanga anajua bila kuelezwa ni kitu gani hicho. Hiyo ni bima ya afya iliyotangulia bima.

Nyumba ya candomblé, yaani terreiro, inafaa kusomwa kwa macho hayohayo. Ina chakula kinachogawanywa, ina majani yanayolimwa na kujulikana kwa matumizi yake, ina mama mlezi ambaye watu humweleza wasiyomweleza daktari, ina watoto wanaolelewa na wengi. Ilê Axé Opô Afonjá, iliyoanzishwa mwaka 1910, ina shule ndani ya eneo lake. Aliyeiongoza tangu mwaka 1976 hadi kufariki kwake mwaka 2018, Mãe Stella, alisomea uuguzi na kufanya kazi ya afya ya jamii kwa miaka mingi. Kwake yeye zahanati na madhabahu hayakuwa maadui. Wala haikuwa kazi rahisi kuvitunza vyombo hivi. Sheria ya jinai ya mwaka 1890 iliwahesabu waganga kama wahalifu, na hadi Januari 1976 terreiro za Bahia zililazimika kujiandikisha polisi ili ziruhusiwe kuabudu. Mwaka 2003 viongozi wa dini hizi waliunda mtandao wa kitaifa wa terreiro na afya, wakazungumza na wizara wakiwa wenye nyumba.

Hapa kuna pingamizi lingine, na wauguzi wa kwetu hulitoa kwa uchungu: nyumba za ibada na waganga hawawacheleweshi wagonjwa? Wapo wanaochelewesha, Bahia kama Bukoba. Jani halitibu upungufu wa damu wa selimundu unaohitaji kuongezewa damu usiku huohuo, na anayesema linatibu anahatarisha maisha. Lakini tuangalie njia iliyofanikiwa. Katika candomblé mwanachama mpya huchanjwa kwa wembe, na UKIMWI ulipoingia, wembe wa pamoja ukawa hatari. Kulikuwa na uwezekano wa kupiga marufuku, kama polisi walivyozoea. Badala yake mradi wa Odô-Yá, ulioanzia Rio de Janeiro, ulizungumza na wakuu wa nyumba kwa lugha ya imani yao, na matumizi ya wembe wa mtu mmoja mmoja yakahimizwa na wenye mamlaka ya ibada wenyewe. Amri yao ilifika mahali ambapo bango la wizara lisingefika. Simtetei kila mganga. Ninachosema ni kwamba afya ya jamii isiyojua nani anasikilizwa usiku mgonjwa anapozidiwa, haijaijua jamii.

Vyombo vya chini viliungana na vya juu katika miaka ya themanini, Brazili ilipokuwa ikitoka katika utawala wa kijeshi. Mkutano wa nane wa kitaifa wa afya, mwaka 1986, uliwaleta wananchi kwa maelfu, na Katiba ya mwaka 1988 ikatamka katika ibara ya 196 kwamba afya ni haki ya wote na wajibu wa dola. Kutokana na hiyo ukazaliwa SUS, mfumo wa afya wa umma usiotoza malipo, wenye mabaraza ambamo nusu ya viti ni vya watumiaji. Kuanzia mwaka 1991 wahudumu wa afya wa jamii walienea nchi nzima. Sharti mojawapo ni waishi katika mtaa wanaouhudumia, na kila mmoja hupewa watu wasiozidi 750. Tarehe 13 Mei 2009, siku ya kumbukumbu ya kukomeshwa utumwa mwaka 1888, ilitolewa sera ya kitaifa ya afya ya watu weusi, na mwaka 2017 kujaza rangi ya mgonjwa katika fomu za afya kukawa lazima, ili tofauti za vifo zisifichwe na wastani. Sera hizi hazijatimia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2016 yaliyofunga ukuaji wa matumizi ya serikali yaliubana mfumo huo kwa miaka kadhaa, na kuna manispaa ambako sera ya 2009 imebaki karatasi. Hata hivyo mwanafunzi anayetoka nchi ambayo bado inabishana kama afya ni haki au bidhaa ana mengi ya kujifunza kwa mhudumu mmoja anayepanda ngazi za Pau da Lima na daftari lake.

Yote haya kwa wiki nne au sita? Wapo wanaosema kozi fupi ni utalii wenye cheti, na wenye kufaidika ni wageni peke yao. Hospitali za Moshi, Mombasa na Kampala zinawajua wageni wa kiangazi, wakiwemo wale ambao hujaribu kwa mgonjwa wa Kiafrika kazi wasizoruhusiwa kwao. Hilo halina utetezi na lipigwe marufuku popote. Kuhusu ufupi, nakubali kwamba wiki sita hazimfanyi mtu kuijua Bahia. Herskovits na Frazier walikaa miezi na bado kila mmoja alirudi na alichokuja nacho. Lakini muda mfupi huumiza zaidi pale lengo linapokuwa kuonja kila kitu. Kozi inayochagua mabonde mawili, ikasoma takwimu zake kwa Kireno, ikamsikiliza mhudumu, mjumbe wa baraza la afya na mama wa terreiro, inaweza kukamilisha hoja moja. Kuhusu faida, kipimo changu ni chepesi kukielewa na kigumu kukitimiza: mhudumu anayewapokea alipwe kama mwalimu, kwa kuwa siku hiyo ndiye mwalimu, na viti kadhaa vya kozi viwe vya vijana wa Salvador wenyewe, kwa gharama ya chuo kinacholeta wageni. Chuo kisichoweza hayo kingoje mpaka kiweze.

Tena njia ya kwenda Bahia haiko kwa watu wa kaskazini pekee. Mwaka 2010 Brazili ilianzisha UNILAB, chuo kikuu cha shirikisho kilichokusudiwa kuiunganisha na nchi za Afrika zinazotumia Kireno. Makao yake yako Redenção, katika jimbo la Ceará, na kampasi yake ya Bahia iko São Francisco do Conde, ikiwa imepewa jina la Wamalê, Waislamu wa Kiafrika walioasi utumwa mjini Salvador mwaka 1835. Wamo humo vijana wa Angola, Guinea-Bissau, Msumbiji na kwingineko, wanaokaa miaka na kusoma pamoja na Wabrazili weusi. Vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura havina mpango wa ukubwa huo na Bahia, ingawa vina la kupeleka: Muhimbili tangu mwaka 2004 imekuwa ikifuatilia wagonjwa wa selimundu katika moja ya tafiti kubwa za aina yake duniani, na Ziwa Viktoria lina uzoefu wa kichocho ambao Brazili ingeweza kuutumia. Kwa kubadilishana, Bahia ingetoa mabaraza yake ya afya, ambamo mkazi wa bondeni ana kura. Mwanafunzi wa Msumbiji aliyeko São Francisco do Conde, akipata homa mwezi wa mvua, huenda kituo cha afya cha mtaa kama mkazi mwingine yeyote, na hadaiwi hata senti, maana SUS humhudumia kila aliye ndani ya mipaka ya nchi, awe raia au mgeni.